Kokoto za Luchelele: tripu mbili zilivyoishia katikati ya uwanja

Simu iliingia Jumamosi saa nne asubuhi, mwezi wa pili, jua la Mwanza likianza kuuma. "Mwanangu, njoo uone maajabu. Kokoto zinaisha na uwanja uko nusu." Aliyepiga ni mwalimu mstaafu, jirani wa zamani wa wazazi wangu, na kwake mimi nitabaki mtoto hata nikiota mvi. Nikachukua tepu, kamba na daftari, nikapanda daladala hadi Nyegezi, kipande kilichobaki nikamaliza kwa bodaboda.

Nyumba yake ya Luchelele imekaa kwenye mteremko unaotazama ziwa. Mbele kuna uwanja wa magari, na karibu na katikati ya uwanja huo limelala jiwe la graniti, mgongo mpana wa kijivu ambao chini yake hakuna anayejua umeishia wapi. Gari moja huegeshwa upande huu wa jiwe, jingine upande ule. Nilikuta vibarua wawili wameegemea machepe, fundi amechuchumaa kivulini, na lundo la kokoto getini. Upande wa chini wa uwanja ulikuwa umeshamwagwa na kusawazishwa hadi kwenye kamba. Upande wa juu, wa barazani, ulikuwa udongo mtupu. Njia, bustani na kingo za nyumba hazijaguswa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, wewe si ndiye uliyesomea hivi vitu? Fundi alisema tripu mbili. Tripu mbili hizo hapo."

Hesabu ya fundi ilikuwa kwenye kipande cha boksi la vigae, na naiandika kama nilivyoikuta kwa sababu haina aibu yoyote. Uwanja hatua kumi na mbili kwa saba na nusu. Njia ya kutoka getini hadi barazani, mita 22 kwa 1.2. Ukanda wa kuzunguka nyumba pande tatu, pale maji ya paa yanapodondokea, kama mita za mraba 18. Bustani ya pembetatu upande wa ziwani, mita za mraba 20. Jumla akapata 154 na ushee, akaishusha hadi 150. Akazidisha kwa kina cha sentimita 5, yaani mita 0.05, akapata kyubiki (mita za ujazo) 7.5. Dalali wa kokoto alimwambia tipa linabeba kyubiki nne. Mbili mara nne ni nane, nusu kyubiki inabaki ya akiba. Mwanafunzi wa kidato cha pili angepewa vema.

Kilichofuata ni saa mbili za kupima upya kila kitu, mimi na fundi, mama akiwa amekaa barazani na chai yake akifuatilia kama anayesimamia mtihani.

Tulianza na eneo, kwa kuwa ndilo kila mtu alilitilia shaka. Kibarua mmoja alishasema hatua za fundi ni fupi. Tepu ikamtetea fundi: uwanja ni 12 kwa 7.5 kamili, mita za mraba 90. Ila humo ndani lipo jiwe. Umbo lake ni kama yai, mita 4 kwa urefu na 3 kwa upana, na eneo la umbo hilo unalipata kwa kuzidisha urefu, upana na 0.785. Ni mita za mraba 9.4 ambazo haziwekewi kokoto. Unabaki na 80.6. Njia ni 26.4. Ukanda wa chini ya paa una upana wa sentimita 60. Pande mbili za mita 9 na moja ya mita 11, pamoja na viraba viwili vya kona ambavyo wengi huvisahau, unatoa 18.1. Bustani ni 20, lakini mawe matatu yaliyochomoza yanakula 4.6, ikabaki 15.4. Jumla 140.5.

Kwa hiyo fundi alikadiria eneo kubwa kuliko lililopo, si dogo. Kwa eneo peke yake mzigo ulipaswa kubaki. Mama alishusha kikombe. "Sasa zimeenda wapi?"

Wakati huo huo dereva wa tipa akarudi kuchukua salio lake. Bahati nzuri, na kwake labda bahati mbaya. Nilimsalimia, nikamwomba ruhusa ya kupima bodi ya lori lake ikiwa tupu, kwa ndani. Urefu mita 3.6. Upana mita 1.9. Kimo cha ubavu, kuanzia sakafu hadi ukingo wa juu, sentimita 45. Zidisha: 3.6 mara 1.9 mara 0.45 ni 3.08.

"Kaka, hii kila mtu anaiita kyubiki nne," dereva akasema, na sidhani alikuwa anadanganya. Ndivyo alivyoambiwa alipokabidhiwa lori. "Halafu mimi huwa najaza kichwa."

Kujaza kichwa ni pale mzigo unapopandishwa kimlima juu ya ubavu wa bodi. Ni kweli kichwa kizuri kinaweza kuongeza kitu cha maana, lakini kokoto zikitikiswa barabarani hukaa, na za juu hutafuta pa kushukia. Mama akatoa simu yake. Alikuwa amepiga picha ya tripu ya pili inaingia getini ili amtumie mwanawe aliyeko Dodoma aone hela yake inavyotumika. Kwenye picha mzigo uko sawa na ubavu, na upande wa mbele karibu na kebini uko chini yake kidogo. Kichwa hakikuwepo.

Tripu mbili, basi, ni kyubiki 6.16. Aliyelipia nane alikosa 1.84, karibu robo ya mzigo. Kuhakikisha hatukumwonea dereva, tulipima lundo lililobaki getini. Lilikuwa kama pia iliyopinduliwa: upana chini mita 3, kimo sentimita 90. Eneo la duara la chini, mara kimo, gawanya kwa tatu, unapata kyubiki 2.1. Maana yake zilizokwisha kumwagwa ni kama 4. Kumbuka namba hiyo, tutaihitaji.

Nitasema neno kuhusu tripu, maana ndilo lililoniudhi siku ile. Tripu ni safari ya lori, na lori lina bodi yake. Kuna tipa za kyubiki tatu, za tano, za saba, zaidi ya hapo, na zote zikiingia getini zinaitwa tripu moja. Wakala wa Vipimo, wa serikali, huhakiki ujazo wa bodi za malori ya mchanga na kokoto, hivyo mnunuzi anayeuliza kama lori limehakikiwa haulizi kioja. Akiona haya kuuliza, tepu ya mita tano inatosha, na kazi yenyewe haimalizi dakika mbili. Pima kabla hazijamwagwa. Angalia pia kona za ndani, maana mchanga wa mzigo wa jana ukigandia humo unakaa mahali pa kokoto ulizolipia.

Hata hivyo, lori lisingetosha kueleza yote. Hata kama tripu hizo zingekuwa kyubiki nane halali, zisingemaliza kazi yote. Hapa ndipo fundi mwenyewe alipoanza kuona kabla sijasema, kwa sababu alikumbuka alipopimia ile sentimita tano: mlangoni pa baraza.

Ardhi ya Luchelele haijui maana ya tambarare. Tuligawa uwanja vipande kumi na mbili, vinne kwa urefu na vitatu kwa upana, kila kimoja mita 3 kwa 2.5. Tukachukua mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoona ndani ambao mafundi wetu hupimia usawa, tukahamisha usawa wa ukingo wa baraza hadi kwenye vigingi vya pande zote, tukafunga kamba. Kisha katikati ya kila kipande tukapima kutoka kwenye kamba hadi kwenye udongo. Pale jiwe lilipozuia tukapima kando yake, na pale kokoto zilipokwisha kumwagwa kibarua alifukua hadi chini. Mstari wa barazani ulisoma 4, 5, 6 na 9. Wa kati: 5, 7, 8 na 12. Wa mwisho, unaoelekea ziwani: 6, 8, 11 na 15. Jumla sentimita 96. Gawanya kwa kumi na mbili, unapata 8.

Wastani wa 8, na fundi alikisia 5. Tofauti ya sentimita tatu unaweza kuionyesha kwa vidole na ikaonekana mchezo. Mimi huibeba hivi: sentimita moja juu ya mita za mraba 100 ni kyubiki moja kamili. Kwa uwanja huu wa mita 80.6, kila sentimita inakula kyubiki 0.8, na kwa kuwa kyubiki moja ni madebe 50 ya lita 20, basi ni madebe 40 kwa kila sentimita. Sentimita tatu ni madebe 120. Mama alirudia namba hiyo polepole, "mia na ishirini," kama anayekumbuka deni.

Na vibarua walianzia wapi? Kona ya chini kabisa, penye 15, kwa sababu ndipo lori liliposimama kumwaga. Hakuna aliyewakosea, walijaza hadi kwenye kamba kama walivyoambiwa. Ukikusanya vipande sita vya nusu ile ya chini na kuondoa sehemu ya jiwe, vinahitaji kyubiki 4.1. Ndiyo ile 4 tuliyoiona imemwagwa. Nilifurahi, nakiri. Hesabu mbili zilizotoka njia tofauti zikakutana mlangoni.

Ukanda wa chini ya paa nao ulihesabiwa kwa sentimita 5, na huo haukuwa mteremko, ulikuwa mazoea. Ukanda ule si pambo. Paa la mama lina kama mita za mraba 110, na mita moja ya mraba ikipata milimita moja ya mvua inatoa lita moja ya maji. Mvua ya milimita 30, ambayo masika hapa huimwaga alasiri moja bila hata kukohoa, inatoa lita 3,300. Upande wa mbele una mfereji wa bati unaopeleka maji tenkini. Pande nyingine tatu hazina, hivyo kama robo tatu ya maji hayo, karibu lita 2,500, hudondoka kwenye ukanda huu. Sentimita 5 za kokoto ndogo zingechimbwa na matone na kurushwa ukutani pamoja na tope. Tulikubaliana kuchimba sentimita 15 na kuweka kokoto kubwa za inchi moja na nusu.

Fundi aliuliza swali ambalo wasomi wengi hawaulizi: "Hayo maji si yatakaa humo kwenye mawe?" Tukajaribu. Debe moja tukalijaza kokoto hadi ukingoni, kisha tukamimina maji kwa kikombe cha kupimia cha jikoni hadi yakafika juu. Yaliingia lita nane na nusu. Yaani zaidi ya asilimia 40 ya debe la kokoto ni hewa. Ukanda wa kyubiki 2.7 unaweza kubeba kama lita 1,150 katika nafasi hizo, na zinazokuja ni 2,500. Zilizozidi lazima zipewe pa kwenda, kwa hiyo mtaro ulichimbwa ukiinama kidogo kuelekea kona ya ziwani, na pale kona ukafunguliwa.

Jaribio hilo la debe lina faida nyingine. Graniti nzima ina uzito wa karibu tani 2.65 kwa kyubiki. Kokoto zake zilizomwagwa bila kushindiliwa huwa na tani 1.4 hadi 1.6, kwa sababu ya hewa hiyo. Ukiambiwa bei kwa tani na wewe umepiga hesabu kwa kyubiki, zidisha kyubiki zako kwa 1.5 utakuwa karibu sana na ukweli. Debe letu, lilipopimwa kwenye mizani ya duka la nafaka la jirani, lilikaribia kilo 30 baada ya kutoa uzito wa debe lenyewe. Mwenye duka alitutazama kwa huruma.

Hapo ndipo fundi alipoligeukia jiwe. Nilijua atafika huko. Kila fundi wa Mwanza hufika. "Mama, sisi tunanunua kokoto na jiwe liko hapa. Tulichome moto, tulipasue, tugonge."

Ukweli ni kwamba hesabu yake ilikuwa na mashiko. Sehemu ya jiwe inayoonekana ina kimo cha mita 1.2 pale juu kabisa. Kwa mgongo wa namna ile, chukua eneo la chini, 9.4, zidisha kwa kimo, kisha chukua theluthi mbili: kyubiki 7.5 za jiwe zima. Na jiwe likivunjwa huvimba, maana ile hewa inaingia katikati ya vipande. Kyubiki 7.5 za graniti nzima zinazaa kyubiki 13 za kokoto. Uwanja wote, njia, ukanda na bustani vilihitaji 11.26. Mama alikuwa amelalia kokoto zote alizozihitaji, na chenji ikabaki.

Alisikiliza hadi mwisho. "Umemaliza?" Fundi akasema amemaliza. "Jiwe hili nimelikuta. Wajukuu wangu wote wamejifunza kupanda juu yake. Litabaki." Mimi niliongeza sababu za kawaida, kwamba moto wa kupasulia jiwe ungekuwa mita nne kutoka kwenye dirisha lake, na kwamba chini ya jiwe lile huenda ndipo lilipo jiwe linaloshikilia uwanja mzima. Lakini kesi ilishaamuliwa.

Tukarudi kwenye daftari. Kyubiki 11.26 hizo zilipatikana hivi: eneo halisi la 140.5 kwa sentimita 5 ni 7.03, ongeza sentimita tatu za uwanja, 2.42, ongeza sentimita kumi za ukanda, 1.81. Ukitazama, kosa la eneo lilikuwa nusu kyubiki tu, na lilikuwa la kumsaidia mteja. Kina kilikuwa na kosa la zaidi ya kyubiki nne. Lori likakatisha karibu mbili. Watu hurudia kupima urefu na upana mara tatu, kisha kina wanakitaja kwa mdomo.

Njia rahisi ilikuwa kuagiza kyubiki tano zaidi na kuendelea kujaza. Nilikataa, na sababu haikuwa hela peke yake. Kokoto zilizolegea zikiwa na kina cha sentimita 15, tairi huzama na kuzunguka pale pale, na mama mwenye viatu vya kanisani huzama vilevile. Kokoto za robo tatu ya inchi zikae sentimita 5 juu ya kitu kigumu. Chini yake jaza moramu, ule udongo wa changarawe unaoshikana, na ushindilie.

Moramu iliyohitajika ni zile kyubiki 2.42 za tofauti. Lakini moramu ya lorini imelegea, ikishindiliwa inapungua. Nilizidisha kwa 1.3, ikawa 3.15. Bodi ya dereva wetu ni 3.08. Tripu moja, kwa kipimo tulichokipima wenyewe. Dereva, ambaye salio lake lilikuwa bado mkononi mwa mama, alikubali kuibeba moramu kwa bei ya mafuta tu ili yaishe. Hela kamili siziandiki, kwani bei ya mwezi huu haitakufaa mwezi ujao, na bei ya kufikisha Luchelele si ya kufikisha Buswelu. Sehemu kubwa ya bei ya kokoto ni barabara.

Kokoto zilizokwisha kumwagwa zikakwanguliwa kwa reki na kurundikwa pembeni. Kazi ya kuchosha, ya siku nzima, na ni gharama ambayo haikuwemo kwenye daftari la mtu yeyote. Kipande cha barazani kilichosoma 4 kikachongwa sentimita moja. Moramu ikamwagwa kwa tabaka mbili, ikinyunyiziwa maji, na mashine ya kushindilia ilikodiwa kwa siku moja.

Sasa sikiliza hii. Uwanja kwa sentimita 5 ni kyubiki 4.03, njia 1.32, jumla 5.35, weka asilimia kumi ya kupotea na kuzama, unafika 5.9. Tripu mbili za kwanza, zile zilizozua kilio, zilikuwa 6.16. Zilitosha. Hatukununua kokoto nyingine hata moja kwa ajili ya uwanja na njia. Mama alitaka nimrudie hesabu hiyo mara mbili, na ya tatu akamrudia mwenyewe mwanawe kwenye simu, akijipa sehemu kubwa ya ugunduzi.

Kwa ukanda tuliagiza tripu moja ya kokoto kubwa. Hesabu ilisema 2.72, na asilimia kumi juu, 3.0. Lori 3.08. Kwenye karatasi ilipendeza. Kwenye shimo, sululu haichimbi sentimita 15 kwa sababu wewe umeandika 15. Sehemu nyingine zilifika 19, hasa kuelekea kona ya kutolea maji, na lori zima likaisha bila kubakiza hata debe. Siku hizi mitaro ya kuchimbwa kwa mkono naiongezea asilimia 15.

Bustani ilihitaji 0.77, na nyongeza 0.85, yaani madebe 42. Huwezi kuita tipa kwa madebe 42. Tulikwenda kwa akina mama wagonga kokoto wa njiani, wanaokaa chini ya miavuli na nyundo zao, wakiuza kwa debe. Kokoto za mkono hazilingani kama za mashine, nyingine ni bapa, nyingine ndefu, na zina rangi zaidi. Kwenye bustani zilipendeza kuliko za mashine. Kwenye njia ya gari zisingefaa. Debe lao lilikuwa debe, limejaa hadi ukingoni na konzi mbili juu. Hata hivyo bustani ilikula 46, kwa sababu mizizi ya mwarobaini ilikuwa imeacha mashimo ambayo sikuyapima. Mama alipowalipa aliwaambia "wabeja sana", asante sana ya Kisukuma, nao wakamuuliza kama ni wa Magu. Mazungumzo hayo yalichukua muda mrefu kuliko kupakia.

Kibarua mmoja alikuwa ametoa wazo la kuchota changarawe ufukweni, usiku, na toroli. Hilo lilikufa papo hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye ukingo wa ziwa, na mama, ambaye mwaka 2020 maji yalipopanda aliona mti wa jirani ukisimama ndani ya ziwa, hataki kusikia mtu anapunguza ufukwe.

Fundi alitaka kutandika nailoni chini ya njia kuzuia majani. Nailoni haipitishi maji. Kwenye mteremko kokoto zingeteleza juu yake mvua ya kwanza. Tulisafisha majani, tukashindilia udongo, basi.

Nilirudi mwishoni mwa mwezi wa tano, masika ikiwa imekwisha. Ukanda umetoa maji vizuri isipokuwa nyuma ya jiko, ambako kuna tope juu ya mawe. Mteremko wa mtaro pale ni mdogo mno na itabidi paguswe tena. Uwanja umeshika. Kona iliyosoma 15 haijazama. Mahali palipozama ni getini, ambapo tairi hukata kona kila siku na ambapo lundo la kwanza lilikuwa limechanganyika na udongo wakati wa kukwangua. Hapo kokoto zimebaki kama sentimita mbili.

Kokoto zilizobaki, ambazo hesabu ilisema zingekuwa madebe kumi na matatu, zilikuwa toroli mbili tu, kama madebe sita, zimefunikwa turubai nyuma ya tenki. Fundi alikuwepo, amekuja kupima uzio wa jirani. Alikuwa na tepu kiunoni. Tulizichukua zile toroli mbili, tukazimwaga getini, akasawazisha kwa reki huku mama akituambia kutoka barazani kwamba upande wa kushoto bado uko chini.

Akaweka tepu. Ulikuwa chini kwa sentimita moja na nusu.